Ndege Katika Kiganja cha Zimwi

Sogeeni, ngano imewadia! Palikuwa na Mwanakheri, muuza vyungu, ambaye hakuwahi kukubali bei ya kwanza, hata ya chumvi. Siku moja zimwi likammeza bintiye, Tumu, mzima mzima. Mama akalifuata mbio mpaka pangoni.

"Kila bei nitakayotaja itakuwa ndege kiganjani mwangu," zimwi likanguruma. "Sema 'nimekubali', ndege ni wako na mtoto anatoka. Haya, nipe mbuzi wako wote!"

Ndege akatua kiganjani.

"Punguza bwana, chukua wawili," Mwanakheri akaropoka kwa mazoea.

Lo! Ndege akafa palepale.

"Basi, chukua wote!"

"Ndege amekufa, wote wa nini?" Zimwi likacheka. "Sasa nataka nyumba yako."

Ndege wa pili akatua. Mwanakheri akaanza kuwaza watalala wapi. Zimwi likachoka kungoja, likafumba kiganja, na ndege akatoweka.

"Mamaaa!" Tumu akalia tumboni.

"Basi nipe nywele zako zote, hizo zinazofika kiunoni!"

Ndege wa tatu hata hajakunja mbawa.

"Nimekubali!"

Zimwi likaruka. "Na meno! Nataka na meno!" Likafumba kiganja, wapi! Ndege alikwishatua begani kwa mama, na Tumu huyooo, akachomoka mdomoni!

Wakarudi nyumbani wakicheka, kipara cha mama kinang'aa. Na mpaka leo, mteja akimwambia "Punguza, mama," Mwanakheri hushtuka, akakagua kiganja chake mwenyewe: ndege yu hai?