Nzi Mmoja na Kadi Ndogo

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana kisa hiki kimewashinda watu wenye akili kuwazidi.

Palikuwa na karakana moja katika nyanda za juu, kule viazi vinakostawi na watu wanakoshinda na sweta mchana kutwa. Kazi ya karakana ile ilikuwa kutengeneza nzi wa bandia. Unachukua ndoana, unaifunga manyoya na nyuzi mpaka ifanane na mdudu, kisha inapelekwa ng'ambo kwa watu wanaovua samaki kwa kujifurahisha. Mafundi wake watatu walijulikana kwa vipaji. Mama Nyaguthii alikuwa na mikono, Kihara alikuwa na ujanja wa vyuma, na Wamaitha alikuwa na jicho la rangi. Hivyo ndivyo watu walivyosema. Ukimwuliza Mama Nyaguthii mwenyewe, fundi alikuwa mmoja, na wale wawili walikuwa watu wa kujaza viti.

Mama huyu alikuwa na miaka thelathini na moja kazini, na mwisho wa mwezi angestaafu. Maelfu ya nzi aliowafunga walikwenda ulimwenguni na majina ya wanaume wa ng'ambo ambao hakupata kuwaona. Hakuna hata mmoja aliyeitwa Nyaguthii. Jambo hilo lilimuuma sana, na kwa kuwa hakuwa na wa kumlaumu, aliwalaumu wote.

Nzi wa kisa chetu alianza zamani, Mama akiwa bado na meno yote. Mnunuzi aliagiza nzi wa kumvua shadi. Shadi ni samaki mweupe kama fedha, hukaa baharini, na baridi ya kwao ikipungua hupanda mito kwenda kutaga. Pale karakanani hakuna aliyewahi kumwona hata pichani. Mafundi wakadhani samaki mkubwa hutaka mlo mkubwa, wakarundika manyoya mpaka ndoana ikafanana na kifaranga aliyelowa. Nyaguthii akawatazama, akasonya.

"Mnamlisha nani, fisi?"

Yeye akazungusha utepe wa fedha kwenye ndoana, akaweka uzi mwekundu na manyoya machache ya jogoo mweupe, basi. Nzi wake akavua samaki miaka na miaka. Wale wa wenzake walirudishwa.

Baadaye barua zikaanza kuja na malalamiko. Shadi wanapita chini kabisa, na nzi wenu anapita juu yao. Hapo ndipo Kihara alipoinuka. Huyu alikuwa fundi baiskeli kabla ya kuingia karakanani, na hajui kuona chuma akakiacha. Alikwenda kwenye sinki, akakata mnyororo wa kizibo, ule wa vigololi, akafunga gololi mbili kichwani mwa nzi wa Nyaguthii. Zikawa macho, zikawa na uzito pia. Tangu siku ile sinki likazibwa kwa tambara. Kihara akapita meza kwa meza akionyesha kazi yake.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema Mama Nyaguthii bila kuinua kichwa.

"Lakini Mama, sasa anafika chini!"

"Hata jiwe hufika chini. Tungefunga jiwe, tukaenda nyumbani."

Ila nzi alifika chini kweli, na samaki wakang'ata kuliko zamani. Mama alisema ni bahati.

Miaka ikapita tena. Mito ya kule ikaanza kuja na tope, na samaki wakawa hawamwoni nzi hata akipita puani. Wamaitha alikuwa kibarua wa msimu. Asubuhi moja alikuta uzi mwekundu umeisha stoo. Mtu mwenye adabu angengoja. Yeye akachomoa nyuzi kwenye jaketi kuukuu la mumewe la kuendeshea bodaboda, ile rangi ya kijani na njano inayochoma macho, akazifunga mahali pa uzi mwekundu, akatia nzi boksini bila kumwambia mtu. Mama Nyaguthii aligundua boksi la mwisho likifungwa.

"Umemvalisha nzi wangu jaketi la bodaboda? Akapakie abiria?"

"Uzi mwekundu uliisha, Mama."

"Na haya je, nayo iliisha?"

Boksi likaenda hivyo hivyo, kwa sababu gari lilikuwa linangoja.

Miezi minne baadaye msimamizi, Bwana Theuri, mtu wa tai nyingi na maamuzi machache, aliwaita wote watatu akasoma barua. Nzi wa kijani amewashinda nzi wote wa shadi msimu ule. Mnunuzi alishangaa, akamjaribu. Alipotoa gololi, nzi alipita juu bure. Aliporudisha uzi mwekundu, samaki hawakumwona. Alipochukua gololi na kijani akavifunga kwenye nzi mnene wa karakana nyingine, samaki walikimbia. Tena akaeleza kwamba shadi akipanda mto hali kitu. Wavuvi wa kule wanasema humng'ata nzi kwa hasira tu, kwa kuudhiwa.

"Kumbe kazi yetu ni kuudhi!" alisema Kihara. "Basi hapa Mama ndiye bingwa."

Wamaitha alicheka. Mama Nyaguthii akabetua midomo.

Mwisho wa barua mnunuzi alisema nzi huyu ataitwa kwa jina la aliyemtengeneza, na jina hilo litachapishwa kwenye kila kadi ya kuuzia nzi huyo, milele. Alitaka jina moja tu, maana kadi ni ndogo.

"Umbo ni langu," alisema Mama Nyaguthii. "Nyinyi mlipamba tu. Mtu akining'iniza pazia, nyumba inakuwa yake?"

"Umbo lako lilikuwa linaelea, Mama," alisema Kihara. "Mimi nilimfikisha kwa samaki. Na kijijini bado naitwa yule wa pancha. Na mimi nina jina."

Wamaitha alisema kwa sauti ndogo, "Mlikuwa naye miaka yote hiyo, na majuzi alikuwa hakamati kitu. Msimu ukiisha mtaniambia niende. Mwenye jina kwenye kadi haambiwi aende."

Bwana Theuri alilegeza tai. Kisha akaisukuma karatasi ya kumjibu mnunuzi mbele ya Mama Nyaguthii.

"Wewe ndiye mkubwa hapa, Mama. Andika wewe."

"Hiyo ndiyo akili yako yote?" Mama alimjibu, lakini kalamu akaichukua.

Alimwinua nzi mmoja wa kijani aliyekuwa mezani, akamsogeza karibu na macho yake yaliyochoka, akitafuta kosa. Fundo la gololi lilikuwa limekazwa sawasawa, na yeye hakumfundisha Kihara fundo lile. Kijani kilikuwa kimewekwa kidogo tu, nyuzi chache, vile vile alivyokuwa akimfokea Wamaitha kila siku kwamba aweke. Alitafuta kosa tena, hakuliona, na hilo lilimkasirisha kuliko kosa lenyewe. Mama Nyaguthii alishusha kalamu mpaka wino ukagusa karatasi, akaishikilia hapo.

Sasa zamu yenu. Na asiniambie mtu "waandike wote watatu". Hilo ni jibu la mtu kama Theuri, la kukwepa kuamua, na kadi bado ni ndogo. Wala asiniambie mtu nzi abaki bila jina la fundi, kwani miaka thelathini na moja ya hivyo inatosha. Wewe unayetabasamu hapo nyuma, kalamu ni yako: ungeandika jina la nani, na ungewatazamaje wale wawili waliobaki?