Mto wa Bunge la Ukungu

Hapo zamani, na wewe unayetaka kubisha, bisha sasa hivi umalize, maana nikishaanza sisimami, kulikuwa na Bunge lililokaa ndani ya ukungu. Sitanii. Ukungu ulipanda kutoka mtoni, ukaingia madirishani, ukawafunika waheshimiwa mpaka shingoni, ungedhani ni vichwa vinaelea tu. Shule niliiacha mapema, lakini hili nalijua kuliko mwalimu wako.

Bunge hilo lilikuwa na kanuni zake. Husemi mpaka usimame na jicho la Spika likuone. Anayesema kwa mara ya kwanza hakatizwi, hata akisema upuuzi, mpaka akae mwenyewe. Na hoja ambayo haijapigiwa kura hadi mwanga wa jua unatoka sakafuni, hiyo imekufa.

Siku hiyo hoja ilikuwa mto ugeuzwe, uende kwenye mabwawa ya wakubwa wa mlimani. Watu wa bondeni wangebaki na mchanga. Na kura zilishajulikana. Wengi walishalainisha koo waseme "ndiyo".

Nafasi ya mwisho ilikuwa ya Mzee Chilongani. Msimu mzima aliingoja aombe daraja la kwao, maana wajukuu zake walivuka korongo kwa gogo. Akasimama. Akaona mwanga umebaki sakafuni kipande kama mkeka. Akasema, "Mheshimiwa Spika, nafasi yangu nampa Mheshimiwa Namtero wa bondeni."

Spika Tungaraza akatazama huku na huku. "Namtero yuko wapi? Jicho langu halimwoni. Na nisiyemwona hayupo."

Alikuwapo, amesimama kwenye kona ambako ukungu ulikuwa mzito zaidi, mama mfupi, umemfika utosini. Hajawahi kusema Bungeni hata siku moja. Na kuita hawezi. Akipaza sauti kabla ya kuonwa, nafasi imekwenda.

"Basi, sasa nitawahoji, mpige kura," Spika akaanza.

Papo hapo sauti ikalipuka kutoka kona ile ile: "Maji yako miguuni mwangu! Msiyachukue!"

Ni Mheshimiwa Lugome, jirani yake Namtero kwa kiti. Bunge zima likashika vinywa. Ukungu wenyewe ulipasuka kwa ukelele ule. Spika akageuka na hasira zake.

"Lugome, nje! Usirudi mpaka masika!" Kisha jicho likasogea kidogo, sauti ikashuka. "Namtero... nimekuona. Sema, mama."

Namtero akasema. Hakugombeza mtu. Aliutaja mto kona kwa kona: hapa wanapooga mabibi harusi, pale nyati wanapokunywa huku wakijitazama, kule maji yanapotulia mpaka nyota zinashindwa kujua mbingu ni ipi. Sauti ilikuwa ndogo, kama inatoka kwenye ukungu wenyewe. Waheshimiwa wakasahau kukohoa. Mmoja wa mlimani akazinduka: "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa—"

"Kaa chini! Hakatizwi."

Mwanga ukajikunja taratibu, ukatoka mlangoni. Namtero akakaa. Hoja ikafa.

Watu wa bondeni wakasema, mto huu haujawahi kuwa na jina. Sasa tuuite kwa jina la aliyeuokoa, na kila mtoto atakayezaliwa huku aogeshwe kwa jina hilo. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza.

Chilongani akasema, "Uitwe Chilongani. Bila nafasi yangu angesema lini? Wajukuu zangu bado wanavuka kwa gogo!"

Lugome akasema, "Mzee, wewe umetoa nafasi, mimi nimetolewa nje! Nisingepayuka, mama huyu angesimama pale mpaka aote mizizi. Uitwe Lugome."

Namtero akasema, "Baba zangu, asanteni. Lakini mngesema nini nyie, na mto wenyewe hamuujui? Hoja imeuawa na ulimi wangu."

Je, nani alistahili? Haya, semeni. Mama pale anasema Namtero. Wewe kaka umeng'ang'ania Lugome mpaka mishipa imekutoka shingoni.

Ngoja basi. Kuna kipande nimekiruka, tena makusudi. Askari aliyemtoa Lugome alikuwa babu wa babu yangu, na alimtikisa wee bila kumwamsha, akamburuta tu. Lugome alikuwa amelala fofofo, anaota amesimama mtoni. Alizindukia nje, akauliza, "Tumeshapiga kura?" Maana asubuhi ile alikuwa ameshawaahidi watu wa mlimani "ndiyo" yake.

Haya kaka, bado uko upande wa Lugome? Aliyeota ndiye aliyeutetea mto, aliyeamka je? Jina tumpe nani?