Kitovu Kwenye Pindo la Mbeleko

Mfano huu alinisimulia kwanza wifi yangu Gaudensia, tukipukuchua mahindi, juma lile vijana wetu walipovuka mto kwenda kupigana mara ya pili.

Kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye mtoto anayenyonya. Kijiji chao kilikuwa vitani na kijiji cha ng'ambo, na kaka yake alikuwa ameuawa huko. Kwa desturi yao, wanaume wakirudi, wanawake huwapokea njiani kwa vigelegele. Siku moja mumewe alirudi na wenzake kutoka vitani, naye alipiga, kwa sauti kuliko wote, kwa ajili ya kaka yake.

Walipofika nyumbani, mumewe akamtupia mbeleko aliyoiteka ng'ambo. "Shika, mama watoto. Hiyo yako hata samaki anapita."

Alipoikunjua aliona pindo limefungwa fundo. Akalifungua. Ndani mlikuwa na kitovu cha mtoto mchanga, kikavu, kilichodondoka karibuni.

Akina mama wenzangu, nani hapa asiyejua? Kitovu kikidondoka unakifunga kwenye pindo la nguo, mpaka upate nafasi ya kukizika chini ya mgomba wa nyumbani. Kilipozikwa ndipo kwao mtoto, hata akaishi mbali namna gani. Mama mwenye mbeleko ile hakupata nafasi.

"Mwenye mbeleko yuko wapi?" akauliza.

Mumewe alikuwa ananawa miguu. "Ulitaka nikuulizie na jina lake?"

"Na mtoto?"

Maji yalikuwa yamekwisha, lakini mume aliendelea kusugua miguu. "Hao ndio waliomuua kaka yako. Umeshasahau?"

"Sijasahau. Kaka yangu tulimkalia matanga. Huyu atakaliwa na nani?"

Akachukua jembe, akaenda kwenye mgomba alikozika kitovu cha mwanawe, akachimba, akakizika na hicho.

Mama mkwe wake akamfuata. "Unafukia nini kwangu?"

"Kitovu, mama."

"Cha nani?"

Akamwonyesha mbeleko. Bibi yule aliitazama, akautazama udongo mbichi. Kisha akavua kilemba, akaketi pale pale chini.

"Basi ni wa nyumba hii," akasema. "Tandika mkeka. Mwanangu amemuua mjukuu wangu."

Na mwanawe alikuwa amesimama mlangoni, miguu imelowa, anasikia.

Sasa sisi, akina mama. Tunasema hatukushika panga, na ni kweli. Wafu wetu tunawajua kwa majina, na tuwalilie, hakuna anayetukataza. Lakini vile vigelegele tulivyowapigia vijana wetu njiani vilikuwa vya nini? Mungu akituuliza, tutamwambia tulikuwa tunapokea wageni wa harusi? Na wale wa ng'ambo, tunangoja nini ndipo tuwalilie? Mpaka kila mmoja wetu ashike kitovu mkononi?

Siku ile Gaudensia alipomaliza mfano wake, niliendelea kupukuchua mahindi. Kesho yake asubuhi nilipika uji, nikamfunga mwanangu mgongoni, nikaenda kwa yule mama wa ng'ambo aliyeolewa hapa kwetu. Alikuwa amefiwa na ndugu zake wawili katika vita hivi, na hakuna kati yetu aliyekwenda kumpa pole.

Alisimama mlangoni, akaniuliza nimefuata nini.

Nikamwambia nimekuja matangani.

Alinitazama kama mtu anayesubiri nicheke. Sikucheka. Akaingia ndani kutafuta mkeka.