Chumba cha Harusi Kilichotandikwa Njiani

Hapo zamani, enzi ambazo Sultani wa Kiwamba alikuwa na amri nyingi kuliko askari wa kuzisimamia, aliishi mjini humo mwanamke fukara jina lake Mwanatumu, kazi yake kupamba vyumba vya maharusi. Mkononi hakuwa na kitu, ila jicho alikuwa nalo. Akikisogeza kiti shubiri moja, chumba kizima hutulia.

Basi Waziri Badi, ambaye shemeji yake naye alikuwa mpambaji, tena asiyejua kazi, alimwendea Sultani akamwambia, "Maulana, raia wako hatarini. Mto ukiwekwa upande mtu hupinda shingo, na pazia likitundikwa vibaya huleta huzuni nyumbani." Sultani akaingiwa na hofu, ikatangazwa kwamba ni marufuku kupamba ndani ya nyumba bila hati ya serikali, ada yake reale mia, na mvunja amri atanyang'anywa vyombo vyake vya kazi. Shemeji alilipa siku hiyo hiyo. Mwanatumu hata reale tatu hakuwa nazo, na Ijumaa ilikuwa harusi ya binti wa mfinyanzi, kazi pekee aliyoitegemea mwezi ule. Alilia kidogo, akanawa uso, akakaa kufikiri.

Ijumaa ikafika, Sultani akielekea msikitini akakuta njia imezibwa mbele ya nyumba ya mfinyanzi. Busati limetandikwa, juu yake kitanda cha samadari na mito yake, na pazia jekundu limetundikwa kwa kamba kutoka ukuta huu hadi ule. Sultani, kwa mazoea ya mtu aliyelelewa vyema, akasimama penye pazia akaita, "Hodi."

"Karibu, Maulana," akajibu Mwanatumu. "Viatu uviache hapo."

Akavivua, akaingia. Waziri aliyefuata nyuma akafoka, "Hati yako iko wapi?"

"Amri yasema ndani ya nyumba, Bwana Waziri. Mimi niko njiani, jua lanipiga utosini."

"Maulana amepiga hodi, nawe umemkaribisha, na viatu amevua. Basi hapa ni nyumba, na amri umeivunja."

Mwanatumu hakuipandisha sauti. "Haya, hapa ni nyumba. Na njia hii ni milki ya nani?"

"Ya Maulana, kama njia zote."

"Basi hii ni nyumba ya Maulana, nami niliyeipamba ni mtumishi wake. Nilikuwa naona haya kudai ujira, lakini kwa kuwa Waziri amelithibitisha mwenyewe, nadai reale mia."

Sultani, aliyekwisha kuketi kitandani na mgongo wake ukaona raha, akacheka hata kilemba kikamlegea. "Mlipe, Waziri, kutoka zile alizotoa shemeji yako. Na ada hiyo asidaiwe mtu tena."

Kisha akaegemea mto, akauliza kama chumba hicho chaweza kubaki njiani hadi jioni. Mwanatumu akamjibu kwa adabu kwamba bibi harusi anakingoja. Ikawa Sultani akainuka, akashika samadari upande mmoja, Waziri akashika wa pili, wakaiingiza nyumbani kwa mfinyanzi, naye Mwanatumu akiwaelekeza waisogeze kidogo, na kidogo tena.