Kifungo Kilichoondoka na Bati

Wapendwa, kabla sijawaomba mwamini lolote, nianze na yale ambayo mashahidi wote waliyakubali.

Walikubali kwamba karakana ilikuwa moja na mashine za kuchomelea zilikuwa mbili, za aina moja, zilizonunuliwa siku moja. Walikubali kwamba kazi ilikuwa viti arobaini vya basi la shule, na kwamba kila kiti kilikuwa na bati la kukalia lililounganishwa na ukanda wa chuma unaokishika kiti sakafuni. Walikubali kwamba mwenye karakana alichukua kiti kimoja cha kila mmoja wa mafundi wawili, akakibana kwenye jiriwa, akaingiza patasi kati ya bati na ukanda, akagonga kwa nyundo. Na walikubaliana juu ya alichokiona. Kiti cha fundi wa kwanza kiliachana bila jeraha, bati zima, ukanda mzima. Kiti cha fundi wa pili kilichanika, bati likabaki na matundu manne.

Hapo ndipo makubaliano yalipokoma.

Majina halisi ya mafundi hao hayatuhusu. Wenzao walimwita yule wa kwanza Chapchap, kwa sababu viti vyake ishirini vilikwisha Jumatano mchana. Wa pili alikuwa mama wa makamo, naye walimwita Mama Msasa. Saa hiyo yeye alikuwa amemaliza viti kumi na vinne.

Ili muelewe sababu ya kuchelewa kwake, lazima niwaeleze mashine. Ina ncha mbili za shaba, moja juu na moja chini, nazo huyabana mabati mawili kama kidole gumba na kidole cha shahada. Umeme hupita katikati, chuma huyeyuka kwa ndani katika nukta ndogo, na kikipoa mabati yamekuwa kitu kimoja. Kwa nje huoni ila alama ya duara. Lakini bati lina ngozi ya zinki, na zinki huganda kwenye shaba. Ncha huchafuka, hutanuka kama uyoga, na umeme uliokusudiwa nukta moja hutawanyika. Kwa hiyo kila baada ya nukta hamsini yule mama alizima mashine, akasubiri ipoe, akasugua ncha kwa msasa laini, akairudishia umbo lake kwa tupa, akachungulia kama ya juu inaitazama ya chini sawasawa, akahakikisha maji ya kupoozea yanapita mpirani. Ndipo akaendelea.

Chapchap alikuwa akimtazama na kucheka.

"Mama, hizo shaba unaziandalia harusi?"

"Za kwako ndizo zinazohitaji kuogeshwa. Zimekuwa nyeusi kama sufuria la msibani."

"Zangu zinafanya kazi. Zikilegea, naziongezea moto wa umeme."

Sasa mwenye karakana. Huyu kwa miaka thelathini alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na karakana alikuwa ameinunua mwaka uleule. Sina ushahidi wowote kwamba alikuwa mtu mbaya. Alishika lile bati lenye matundu, akatoa hukumu kwa sauti ya upole:

"Mshono ukifumuka na kitambaa kikabaki kizima, nashona upya, kazi inaendelea. Mshono ukichana kitambaa, hiyo ni hasara. Mama, wewe umechana. Tena umechelewa. Kesho usije."

Akaamuru viti vya Chapchap vipakiwe. Lori lilikuwa tayari getini.

Ndugu zangu, tuupime uamuzi huo kwa haki. Je, kuna shahidi aliyedanganya? Hakuna. Je, kuna kielelezo kilichofichwa? Hakuna, vyote vilikuwa mezani, na kila mtu aliviona. Je, hakimu alikula njama? Hakula. Basi inakuwaje ushahidi wote uwe wa kweli, na hukumu iwe mbovu?

Baadhi walisema yule mama alilia. Wengine walikana. Mimi sitaamua. Wote, hata hivyo, walisikia alichosema.

"Sawa, bosi. Ila kabla sijaondoka, nina swali moja la cherehani."

"Uliza."

"Shati likishonwa kifungo sawasawa, halafu mtu akakivuta kwa nguvu zake zote, kinaondokaje?"

Alijibu upesi, kama fundi yeyote anavyojibu swali la kazi yake. "Kinaondoka na nguo."

"Na kikiondoka chenyewe, nguo ikabaki nzima?"

"Basi hakikushonwa hicho. Kilishikizwa tu."

"Haya. Utazame ukanda wangu."

Aliutazama. Juu ya ukanda kulikuwa na vifungo vinne vya chuma, mviringo, kila kimoja kimeng'ang'ania kipande cha bati kilichong'oka nacho. Akavipapasa kwa kidole kimoja kimoja. Kisha akapapasa ukanda wa Chapchap. Ulikuwa laini kama sahani.

Hakuwa amekosa sheria, wapendwa. Alikuwa amekosea kifungu. Alihukumu kwa kanuni ya mshono shauri lililokuwa la kifungo.

"Lisimamisheni lori!"

Lakini hapo nami nasita, kama mnavyopaswa kusita ninyi. Mfano si ushahidi, hata huu ninaowapa. Maneno mazuri yameshawahi kumwokoa mtu mwenye hatia. Yule mama alilijua hilo kuliko sisi, kwa maana alisema, "Usiniamini mimi, bosi. Mashine ya Chapchap ile pale. Isafishwe, achomelee yeye mwenyewe, halafu gonga wewe."

Wakaizima. Wakazisugua zile ncha, na ukoko wa zinki ukadondoka. Hapo Chapchap akazungumza, na hakuna ushahidi unaonigusa kama ule mtu anaoutoa dhidi ya faida yake mwenyewe.

"Tangu Jumatatu sijazigusa. Zilipolegea nikaongeza moto. Cheche zikaruka sana, nikadhani ndiyo nguvu." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na mwanangu yuko darasa la pili shule hiyohiyo."

Akabana vipande viwili, akachomelea, vikapoa. Mwenye karakana akavifunga kwenye jiriwa, akaingiza patasi. Akagonga mara ya kwanza, hakikusogea kitu. Akagonga mara ya pili. Bati likapinda, halikuachia. Mara ya tatu likachanika, likaacha tundu mviringo. Mzee wa watu akapitisha kidole katika lile tundu, akaliinua juu kila mtu alione, na karakana nzima ikapiga vigelegele. Chapchap aliketi palepale sakafuni, anacheka huku anajifuta uso kwa mkono wa shati.

Dereva wa lori alichungulia. "Sasa mmetoboa bati, mnashangilia nini?"

Walikuwa wanashusha viti. Vyote vilirudi, vikachomelewa upya pamoja na kile kilichopimwa, na hakuna mtoto aliyekuwa amekalia hata kimoja. Hakuna aliyefukuzwa. Mwenye karakana alimwendea yule mama, akamwambia, "Nisamehe. Nifundishe na mimi kusugua."

"Vua saa kwanza, bosi. Karibu na mashine hii hatuvai chuma."

Sasa tuje kwetu sisi.

Nani aliyezichafua zile shaba? Si adui aliyekuja kwa siri. Ni kazi yenyewe. Kila bati zililounganisha liliziachia kiasi kidogo cha ngozi yake. Basi anayehitaji kusuguliwa zaidi miongoni mwetu si yule anayekuja mara moja kwa mwaka. Ni mimi. Ni wewe mzee wa kanisa, wewe mama wa ukarimu, wewe unayeshika funguo za ofisi. Miaka ya kuwahudumia watu imetugandishia maneno yao, kinyongo chao, na vyeo tulivyopewa. Na tunapohisi kwamba umoja wetu umelegea, je, huwa tunazima na kusugua? Au tunaongeza moto, tunaongeza sauti ya spika, tunaongeza siku za mkesha, na cheche zikiruka tunasema hakika leo pamekuwa na nguvu?

Tena, tunapima kwa kanuni gani? Mjane akilia mwaka wa pili, tunasema imani yake imechanika. Ndugu wawili wakiachana bila chozi, tunasema wamekomaa. Sidai kwamba kila anayelia alipenda, wala kwamba kila aliyetulia hakupenda. Hilo sina namna ya kulithibitisha. Nasema tu kwamba tulitoa hukumu kabla ya kupapasa ukanda.

Na sasa ninalo shauri moja halisi mbele yenu. Mmeona kwamba leo, kwa Jumapili ya tatu, kwaya haikuimba. Mwalimu wa kwaya aliisimamisha, kwa sababu waimbaji wawili hawakuwa wanasalimiana, naye alikataa sauti zao zipangwe pamoja juu ya kinyongo. Nimepokea malalamiko kumi na moja. Mnasema ibada imepooza, wageni wanaondoka, na mwalimu aondolewe. Kwamba ibada imekuwa kimya, nakubali. Nami nimekisikia kimya hicho kama ninyi. Lakini jana jioni mlinzi aliniambia kwamba wale wawili walikaa nyuma ya ukumbi huu kwa muda mrefu, wakasemana kwa ukali, wakalia wote wawili, na wakaondoka wameshikana mikono. Kwa kuwa maneno ya shahidi mmoja hayatoshi, asubuhi nimewauliza wao wenyewe, kila mmoja peke yake. Wamekiri.

Wameketi safu ya nne, pamoja. Mwalimu wao ameketi mlangoni, na barua yake ya kujiuzulu ninayo mfukoni, sijaifungua. Ninyi mmeuona ushahidi wote. Je, niifungue? Hukumuni ninyi.