Vilishio vya Saa Saba

Bwana Shekiondo wa Mombo alipenda vitu viwili: broila wake mia mbili na viatu vyake vyeupe. Kwa ajili ya viatu hakuingia bandani kamwe, alichungulia dirishani tu. Siku moja saa saba mchana alikuta vilishio vya chakula vitupu, akamwita mfanyakazi wake.

"Mwantumu, unawashindisha kuku wangu njaa?"

"Kwa joto hili, bosi, broila akila mchana mwili unachemka, anakufa. Nawalisha alfajiri, na tena jua likipoa."

"Mwenye kuku nani? Kila nikichungulia mchana nataka vilishio viwe vimejaa. Na akifa hata mmoja, funga virago."

"Na wasipokufa?"

"Chukua kumi unaowataka."

"Sawa, bosi. Vitajaa."

Kila saa saba Shekiondo alichungulia, akaona vilishio vimejaa pomoni, asitazame kingine, akaenda zake akitabasamu. Kwa majirani kuku walikufa kwa joto, kwake hakufa hata mmoja. Akaanza kuwafundisha watu kwamba siri ni kulisha mchana.

Siku ya kuuza, kwa furaha, aliingia bandani mwenyewe saa saba ile ile. Hatua ya pili, kilishio kilimgonga kwenye paji la uso, chakula kikamwagikia viatu vyeupe. Vilishio vyote vilining'inia kwa kamba usawa wa kichwa chake. Kuku walikuwa wamelala chini, wametulia.

"Mwantumu, vimefikaje huku juu?"

"Jua likipanda navivuta, likipoa navishusha," alisema Mwantumu, akimfunga miguu kuku wake wa kumi. "Uliagiza vijae, bosi. Kuku wavifikie, hukuagiza."