Ufagio wa Bi Mwanamvua na Mti Mwekundu

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa ua!
Pakawa ufagio!

Hapo kale aliondokea mama mmoja, Bi Mwanamvua, na binti yake Mize. Mlangoni pao palikuwa na mti, huu mnaouita siku hizi mkrismasi. Ulipochanua, ulikuwa mwekundu tawi kwa tawi, utadhani unaungua. Wapita njia walisimama wakasema, "Mashallah!"

Bi Mwanamvua aliona takataka tu. Alifagia, maua yakaanguka. Akafagia, yakaanguka. Akafagia, yakamwangukia kichwani. Jamani, nani asingekasirika?

Na wiki hiyo Mize alikuwa aposwe. Kijana wa kijiji cha pili alimwona kisimani, wakapendana, na Ijumaa wazee wake wangeleta sinia la tambuu, ndiyo posa yenyewe. Bi Mwanamvua alitaka wakute uwanja unang'aa.

Jumatano akasema, "Ewe mti, acha kunichafulia!"

Mti ukajibu, "Mama, ua likianguka, jingine lachanua."

Alhamisi akasema, "Ewe mti, wageni waja kesho! Mgongo wangu umekwisha!"

Mti ukajibu, "Mama, ua likianguka, jingine lachanua."

Ijumaa alfajiri ardhi haionekani kwa maua. Akautupa ufagio. "Mti gani usiosikia! Maua yako siyataki! Mpelekee Bi Saumu!" Bi Saumu ni jirani, naye ana mti kama huo, ila umedumaa, na ana binti asiyeposwa. Mti ukauliza:

"Umesema?"

"Nimesema!"

"Umesema?"

"Nimesema, nimesema, nimesema!"

Puu! Maua yote yakahamia kwa Bi Saumu. Bi Mwanamvua akafagia mara moja tu, akaketi kungoja wageni.

Akangoja, jua likapanda. Akangoja, jua likasimama utosini. Akangoja, jua likashuka. Mara akasikia vigelegele kwa jirani. Akatoka mbio bila viatu. Wazee wameketi mkekani, sinia liko mapajani pa Bi Saumu!

"Wazee wangu, mmepotea! Binti ni wangu mimi!"

Mjomba wa kijana akasema, "Mama, tuliambiwa tuifuate nyumba ya mti mwekundu. Mti mwekundu si huu?"

"Jina la binti hakuwatajia?"

"Kijana mwenye haya atalitaja mbele ya wajomba zake? Basi tambuu tumeshaitafuna, na neno la wazee halirudi."

Bi Mwanamvua akarudi kwake mikono kichwani. Mize yuko kizingitini, macho yamevimba.

"Uwanja umetakata, mama," akasema. "Sasa nani atakuja kuuona?"



Ndiyo hivyo, wenzangu: neema haiji bila kero zake. Ukiifukuza kero, neema nayo hubeba virago ikaenda kwa jirani.

Ngano yangu imeishia hapo. Kama imenoga, ni yetu sote. Kama imechacha, niachieni mwenyewe. Na nyie mliojaza maganda ya karanga hapa kwangu, atayafagia nani?